Sauti Yako Ng'ambo ya Ua

Baba yangu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Mpaka jana, kila asubuhi nilikuwa namkatia Tingatinga majani, kisha nakimbilia hospitali ya Mukumu kuwapikia wagonjwa uji, jioni narudi kuzoa mavi zizini. Fahali wako amenimaliza, na tangu tukuzike hata kusimama alikuwa hataki. Alilala tu, kichwa kimeelekea mlangoni.

Unakumbuka kiredio chako? Spika yake ilipasuka kwa kulia sana, kikabaki bubu mpaka kishikane na spika nyingine kwa bluetooth. Humo ulirekodi ngoma zetu za isukuti, na juu yake sauti yako ukimsifu Tingatinga. Kila Jumamosi ya mapigano ya mafahali kule Shinyalu ulimwamsha kwa sifa hizo. Mimi ndiye niliyekufundisha kuunganisha, nawe ukacheka, ukasema, "Hii kitu inatafutanga mwenzake kama ng'ombe."

Na ile Jumamosi je? Mzee Lihanda, jirani yetu, alikuwa ametuazima spika yake siku ya maombi, na kiredio kikawa bado kinaikumbuka. Ukabonyeza, kimya. Ukaongeza sauti, kimya. Kumbe sifa zote za Tingatinga zinanguruma kwa Lihanda, ng'ambo ya ua, na fahali wake amesimama anachimba ardhi kwa kwato. Siku hiyo alimtimua wetu mbele ya kijiji kizima. Ulimnunia Lihanda msimu mzima, ukidai ng'ombe wake amekula sifa za wenyewe, naye akajitetea kwamba aliwasha spika asikilize habari tu. Mimi na Mama tulijificha jikoni tukaziba midomo kwa leso.

Kicheko kile nakitamani. Spika yetu ya bluetooth nayo imekufa. Wanaume sokoni wananiuliza tangu lini mwanamke akashika kamba ya fahali, lakini hakuna hata mmoja aliyejitolea kuishika. Kaka alipopiga simu kutoka Nairobi akasema Tingatinga auzwe kwa mchinjaji, sikubishana naye. Sikuwa na nguvu.

Jana asubuhi, mchinjaji akiwa anatarajiwa leo, nilitaka fahali wako akusikie mara ya mwisho. Nikawasha kiredio kando ya zizi, bila tumaini, maana hakukuwa na spika. Kikatafuta. Ghafla ngoma zikaanza ng'ambo ya ua, na wewe juu yake: "Tingatinga wangu, amka, wanakungoja."

Aliamka, Baba. Alisimama akitetemeka, masikio yote yameelekea kwako. Mimi ndiye niliyekaa chini, kwenye matope, nikakulilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nilidhani Lihanda angezima. Akaongeza sauti. Kisha akaja uani polepole na fimbo yake, akaniambia, "Tangu tuzike mzee, mimi nawashanga hii spika kila asubuhi. Nilijua siku moja utabonyeza."

Nimempa kamba ya Tingatinga, amfuge kwake. Mchinjaji nimemwambia asije, na Kaka akinuna, basi amerithi kwako. Najua ulimwita Lihanda mwizi wa sifa, lakini kati yetu sote ni yeye aliyekuwa akikungoja. Mama ameniambia yaleyale ya Mithali, afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali, akarudi kuchambua maharagwe yake.

Kiredio nimebaki nacho. Leo sina zamu. Asubuhi nilisimama uani nikiwa bado na leso ya kulalia, nikabonyeza. Ukasikika kwa Lihanda, Tingatinga akakuitikia kutoka zizi lake jipya. Sikungoja umalize. Nilirudi kitandani, Baba, nikalala mpaka jua likajaa chumbani.

Nawe pumzika sasa.

Bintiyo,
aliyekushikia kamba