Ukuta Kwanza

Jumatatu, Machi 4, 2024

Kinu chetu cha nyuklia kimelipuka tena kwenye kompyuta. Skrini nzima nyeupe! Babu Evelio hakucheka. Eti nimemwaga hidrojeni kwa pupa kama mtu anayekoroga uji. Gemu lenyewe ni chembe za rangi tu — mchanga, maji, moto, chuma — lakini yeye kalishika kama kazi ya kweli. Anataka tuunganishe chembe mpaka ziwake kama jua. Na kabla ya kugusa chochote lazima apeleke mshale kwenye ukuta wa kinu, asome joto lake. Gemu hili halisahau: ukilifunga huku ukuta bado una moto, kesho unaukuta na moto ule ule. "Ukuta kwanza, Maylén." Kila mara! Nimeuchoka huo wimbo.

Jumatano, Machi 6

Umeme haukukatika hadi alasiri. Tumejenga kuta mpya, na babu ana mkono mtulivu kuliko wangu. Ujana wake wote alisomea Urusi, akarudi Kuba kuwasha kinu cha nyuklia cha mji wetu. Hakikuwashwa. Jengo bado lipo pale, mbuzi wanalala ndani.

Odalys wa ghorofa ya chini kachungulia mlangoni. "Mhandisi, umeme wako utafika lini jikoni kwangu? Maharage yangu yamelala mabichi!" Babu akamwambia aanze kuchambua mchele, umeme unakuja. Tulicheka sana. Baadaye akasema polepole kwamba kinu hiki cha kwenye gemu kikikamilika, atakiwasha mwenyewe. Nikamwambia ni chako, babu. Nilimaanisha.

Ijumaa, Machi 8

Kimekamilika! Ila babu hataki tukiguse mpaka Jumapili, majirani wawepo. Amepiga pasi shati jeupe alilonunua kwa ajili ya ufunguzi — ule ambao haukufanyika. Kola imeshakuwa ya manjano. Nikamwambia, babu, ni gemu tu. Akasema anajua ni gemu.

Jumamosi, Machi 9

Nimekiwasha.

Babu alikuwa kwenye foleni ya mkate. Nilitaka kuhakikisha kinafanya kazi, asije akaaibika mbele ya watu. Uongo! Nilitaka kuona, basi. Na kiliwaka — mwanga wa zambarau ukazunguka humo ndani, ukatulia, wala hakikulipuka. Nikapiga kelele za furaha. Nikageuka kumwambia mtu. Hakuna mtu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Nikakizima. Nikafuta hidrojeni yote, nikaweka mpya, nikahifadhi juu ya faili lile lile. Kinaonekana hakijaguswa. Babu amerudi, kanipa mkate usioungua, wake kajiwekea ulioungua. Amesubiri tangu kabla mama hajazaliwa, na mimi nimeshindwa kusubiri siku moja. Najuta, najuta mno.

Jumapili, Machi 10

Naandikia jikoni, kahawa iko motoni. Odalys na mumewe Nivaldo wamekuja na viti vyao. Umeme upo! Babu kavaa shati, kafunga mpaka kifungo cha juu. Odalys kamuuliza kama leo anaoa. Kajibu bibi harusi alimkimbia zamani, leo amekubali kurudi. Vicheko.

Kisha nikamsikia: "Ukuta kwanza."

Ukuta! Hidrojeni nilibadilisha, ukuta sikuupoza. Mungu wangu.

Sebuleni babu anasema ukuta una moto. Odalys anauliza, kimeharibika? Babu anasema hapana, kinafanya kazi vizuri. Odalys: "Umejuaje, na hata hujakiwasha?"

"Maylén, mwanangu, njoo." Sauti ya upole kabisa. Afadhali angefoka.

Nivaldo anamhimiza abonyeze, umeme usije ukakatika. Babu anasema hapana, wa kubonyeza ni Maylén, msogezeeni kiti. Nasikia kiti kinaburutwa. Kahawa inafurika, inazima moto, na mimi bado nimekaa na kalamu mkononi.