Siku Tatu kwa Watawa

Mama Winfrida,

Nimeondoka na basi la saa mbili kwenda kwa watawa Wabenediktini, kwenye nyumba yao ya mafungo. Alizeti niliyoanika uani igeuzwe mchana. Ng'ombe mwenye ndama apewe maji kabla jua halijawa kali. Dawa yako ya presha iko juu ya kabati, usiruke hata siku moja.

Najua utacheka, mimi kukaa kimya siku tatu. Simu nitaizima. ~~Nitarudi Ijumaa.~~ Nitarudi Jumapili baada ya misa.

Asubuhi ulikuwa kisimani, hukuona. Winfrida aliniambia ameacha chuo cha uuguzi tangu mwezi wa pili. Nikanyanyua mkono. Sikumpiga. Yeye hakukimbia wala hakulia. Alifumba macho tu akasubiri, kama nilivyokuwa nikisubiri mbele ya marehemu baba. Nikauogopa mkono wangu kama wa mtu mwingine.

Usimgombeze kuhusu chuo. Mwache ale kwanza, apumzike. Sijui kama huko nitapata nafuu, ila naogopa kubaki naye nyumbani nikiwa hivi.

Winfrida mwanangu, najua mtoto ndiye humwamkia mzazi. Jumapili nitakusalimia mimi kwanza. Ukiona vigumu kuitikia, usiitikie. Nitakaa hapo hapo mlangoni, sitaingia mpaka uniambie niingie.

Baba