Kumchagulia Taata Drili

Jumanne, 3 Juni

Nimefungua duka saa mbili. Wino wa fotokopi umeisha tena. Wanafunzi wamenunua kalamu, wamebishana juu ya chenji, wameondoka.

Baba, Taata wetu, kapiga simu kutoka Kamachumu. Anataka drili. Ya betri, si ya waya, kwa sababu lile jiko la zamani nyuma ya nyumba halina umeme. Nimchagulie mimi, niko Bukoba mjini, maduka yako karibu. Iwe imefika kabla ya mwezi wa saba. Nikamuuliza ya nini. "Kazi ndogo za nyumbani." Kisha akanisalimia upya, kama vile simu ndiyo kwanza inaanza.

Tangu Mama afariki hajapigilia hata msumari wa kalenda. Kekee ya mkono aliitupa kifundo cha mkono kilipoanza kumsumbua. Sasa kazi ndogo za nyumbani. Sijapenda.

Alhamisi, 5 Juni

Mchana nimemwachia jirani duka, nikaenda kuangalia drili. Wauzaji wanadhani mwanamke hajui kitu. Wa kwanza kanionyesha drili yenye betri ndogo kama kipande cha sabuni, imeandikwa volti themanini na nane. Themanini na nane! Nikamwambia basi tuwashie mtaa mzima.

Wa pili mjanja zaidi. Drili yake ilizunguka vizuri mbele yangu. Wakati wa kufunga boksi nikaona betri inayoingia si ile iliyojaribiwa. Ile ilikuwa na alama ya gundi ubavuni, hii haina. Nilipomwambia akacheka, eti zote ni sawa. Kama ni sawa, unabadilisha ya nini? Nimetoka bila kuaga.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda Kamachumu bila kutoa taarifa. Ndivyo mtu anavyoona mambo.

Kahawa imeanikwa uani, imegeuzwa vizuri. Taata hakuwepo. Nikaenda jikoni kwa nyuma. Kufuli jipya. Nikachungulia kwenye ufa wa dirisha.

Mbao za mvule. Zile zilizokaa darini tangu niko shule ya msingi, ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Zimeshushwa, zimepigwa randa. Nimezipima kwa macho. Zinamtosha Taata kwa urefu na kubaki.

Karudi jioni na bodaboda. Amekonda. Shingo inacheza ndani ya kola. Anasema alikuwa parokiani kuonana na padri. Mlangoni mwa chumba chake inaning'inia suti nyeusi mpya, bado ina nailoni ya fundi. Kaburi la Mama migombani limefyekwa na kupakwa chokaa. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Kula, chakula kinapoa."

Padri, suti, kaburi, mbao. Nitaliandika mara moja tu: jeneza. Mzee anajitengenezea jeneza, na anataka mimi nimchagulie kifaa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata duka la mtu anayeitwa Deo. Huyu hadanganyi, au bado sijamkamata. Anazo mbili za maana. Ya volti kumi na mbili, nyepesi, inafaa mkono mbovu. Ya volti ishirini, ina nguvu na betri mbili, lakini nzito. Anasema kwa mvule zote zitatoboa nikinunua biti kali, yaani ncha za kutobolea mbao, ile ndogo itachelewa tu. Ile inayogonga kama nyundo ni ya ukutani, nisipoteze pesa. Kanionyesha pete ya namba shingoni mwa drili, inayozuia skrubu isizame kupita kiasi.

Nimemwambia nitafikiria.

Sifikirii lolote. Bila drili hakuna skrubu, bila skrubu mbao zitabaki mbao. Nitachagua polepole. Nitachagua mpaka mwakani.

Jumatano, 11 Juni

Nimerudi kwa Deo kulalamikia rangi. Nimerudi tena kuuliza kama chaja inakubali umeme wa kukatika-katika. Nimemtaka ajaze betri mbele yangu, nikakaa kwenye kiti chake nikisubiri taa ya kijani. Akaniuliza, "Dada, unanunua drili au unachagua mchumba?" Wateja wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikampigia kaka yangu Avitus, yuko Mwanza. Nikamweleza yote, mpaka suti. Halafu nikasikia amecheka, akajifanya anakohoa. "Mnunulie mzee drili, Koku. Acha upelelezi."

Anajua. Wamemwambia yeye mwanaume, mimi ninayepeleka dawa na sukari wamenificha. Nimekasirika mpaka nimekosea kukata karatasi za mteja.

Ijumaa, 13 Juni

Taata kapiga. Kama maduka ya Bukoba yamenishinda, atakuja mwenyewe kesho. Sauti imepanda, amekasirika kidogo. Na akasema nifike Jumapili, twende Misa pamoja, kuna jambo.

Kuna jambo. Nimelia stoo, kati ya maboksi ya madaftari.

Jumamosi, 14 Juni

Nimenunua ile ya volti kumi na mbili. Betri moja, kwa makusudi. Biti za mbao, pakiti moja. Deo alimshukuru Mungu kwa sauti.

Nimeipanga vizuri kwenye boksi lake. Betri nimeichomoa, nimeiweka dukani chini ya kaunta, nyuma ya gundi. Atapata drili. Haitazunguka. Najua ni utoto. Naomba wiki moja tu zaidi.

Jumapili, 15 Juni

Naandika kwa hasira, si kwa huzuni.

Tulikaa benchi la tatu. Taata kanyoa ndevu, kavaa koti la zamani. Misa ikaenda vizuri. Kabla ya baraka katekista akasimama na matangazo. Zamu ya jumuiya kufagia. Mchango wa bati. Kisha ndoa. Tangazo la kwanza: kijana wa Kanazi na binti wa hapa. La pili: Ladislaus Rweyongeza, mgane, wa kigango hiki, na Devota, mjane, wa Kishanda. Mwenye kujua kizuizi amwone padri.

Ladislaus Rweyongeza ni baba yangu.

Benchi zima likanigeukia. Wote walijua. Nilikuwa nimejiandaa kumzika, sikujiandaa kumwoza.

Nyumbani tulimkuta huyo Devota jikoni anamenya ndizi, kama amezaliwa pale. Nilisimama mlangoni nikimkagua. Anamenya ganda jembamba, hapotezi kitu. Akaacha kisu, akanisalimia kwa kupiga goti kidogo, mimi ambaye angeweza kunizaa. Macho yakaenda kwenye boksi.

"Ni volti ngapi, waitu?" akauliza kwa heshima ya Kihaya.

"Kumi na mbili."

"Umefanya vizuri. Kubwa ingemuumiza ule mkono."

Anaujua mkono wake. Nimeona wivu, naandika hivyo hivyo.

Taata akafungua boksi mezani, akageuza drili huku na huku. "Betri iko wapi?" Nikasema nimeisahau. Akanichukua mpaka jiko la nyuma, akafungua kufuli. Mbao ni kitanda. Futi tano kwa sita. Pale dirishani sikuweza kuona ubao wa kichwani, aliouchonga majani ya mgomba.

"Ulidhani ni nini?" akaniuliza. Nikazitazama mbao, kisha nikamtazama yeye toka kichwani mpaka miguuni. Nadhani ameelewa mwenyewe, maana alikaa juu ya gogo akashika kichwa.

"Nimekonda kwa kwenda Kishanda kwa miguu, mwanangu. Bodaboda ni ya kurudia tu. Niliogopa kukuambia kuliko nilivyomwogopa padri."

Nikaondoka na gari la kwanza. Sikula ndizi za mtu.

Jumatano, 18 Juni

Nimeitoa betri nyuma ya gundi. Nimeichaji. Nimeitoa kwenye chaja. Nimeirudisha nyuma ya gundi.

Maswali yangu ni haya. Huyu mama anataka nini? Kibanja chetu cha migomba? Ana kibanja chake Kishanda, nimeuliza. Kahawa? Anayo nyingi kuliko yetu, nimeuliza pia. Watoto wake wamefurahi, ndiyo jibu nililopata, na limenichukiza zaidi. Ninatafuta mwizi na sipati. Ninachoogopa ni kuingia chumba kile na kumkuta mwingine amelala pale alipolala Mama.

Jumamosi, 21 Juni

Nimepeleka betri.

Taata hakuuliza ilikuwa wapi. Tulifanya kazi mimi na yeye, mlango wazi. Nilishika mbao, yeye akatoboa. Alianza kwa kubonyeza sana, biti ikakwama, nikamwambia aiache drili ifanye kazi yenyewe. Mvule inanuka vizuri ikitobolewa. Mkono ulipomchoka nilichukua mimi. Skrubu ya kwanza niliizamisha mno, nikakumbuka pete ya Deo. Zilizofuata zikakaa sawa na mbao.

Mchana nikamuuliza kwa nini kajisumbua, wakati chumbani kuna kitanda kizima. Akasema bila kuniangalia, "Kile ni cha mama yako. Siwezi kumlaza mtu mwingine pale. Ni chako, kichukue."

Nilitoka nje nikajifanya nageuza kahawa. Devota alikuwa upande wa pili wa mkeka anageuza. Tuliigeuza yote.

Jumapili, 22 Juni

Tangazo la Taata na Devota limesomwa kwa mara ya pili kati ya tatu. Hakuna aliyesema kizuizi. Wala mimi.

Kitanda cha Mama kimekuja Bukoba juu ya pikapu, kimefungwa kamba. Taata kanipa na drili, nikakaze nikifika, niirudishe kabla ya harusi. Jioni nimekiunga chumbani kwangu. Skrubu zake zimelegea zote, za miaka mingi. Nimezikaza moja moja.

Upande wa ukutani, upande aliolala Mama, kinalia kidogo mtu akigeuka, kama alipogeuka yeye. Hapo kuna skrubu moja sijaikaza.