Dawa Ndani ya Friza ya Samaki

Jumatatu, 3 Februari

Sindano ya asubuhi. Chai bila sukari, kiazi kitamu kimoja. Kazini mapema, shamba la maua. Msimu wa Valentine umefika na waridi linakuja jekundu tupu, ndoo kwa ndoo, mpaka ukifunga macho bado unaliona. Mikono imejaa miiba. Sijali.

Baba Nekesa amekubali kubatizwa.

Naandika tena ili niamini. Baba Nekesa amekubali kubatizwa, Jumapili ya tarehe kumi na sita. Nimeliombea hili tangu Nekesa akiwa tumboni, na sasa Nekesa ni mtu mzima anasoma chuo Nakuru. Alisema akiwa amekaa mlangoni anakata kucha, kama mtu wa kusema chumvi imeisha. "Mwambie mchungaji anihesabu." Basi. Nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jioni Mama Otis, jirani yangu, akaniita nione friza yake mpya ya samaki. Kubwa, mtu anaweza kulala ndani. Akanisindikiza kwangu, akaona nikitoa chupa yangu ya insulini kwa nyungu ya mchanga wenye maji. "Mama Nekesa, dawa ya maana hivyo unaiweka kwa nyungu kama maziwa lala? Na hili joto la huku Kamere?" Ni kweli, mabati yetu yanachoma. Nimempa chupa aniwekee. Ana roho safi huyu mama.

Jumatano, 5 Februari

Dawa imetoka kwa friza ngumu kama jiwe. Nimeibana kwapani mpaka ikayeyuka, nikachelewa kidogo. Ndani kuna vipande vyeupe vinaelea, kama maziwa yaliyokatika. Nimetikisa, nimejidunga. Nesi wa kliniki alisema iwekwe kwa baridi. Baridi kuliko hii iko wapi?

Wanaume wa kanisa wamechimba tangi la ubatizo kando ya kanisa. Ziwa Naivasha hatuingii, viboko hawajui ibada. Wametandika nailoni kuukuu ya grinihausi, zile nyumba za plastiki za maua, ndani ili maji yasinywewe na udongo. Baba Nekesa mwenyewe alishika jembe. Mchungaji akamwambia, "Ndugu, unajichimbia." Akajibu, "Afadhali nijue kina."

Sijawahi kumpenda hivi.

Jumamosi, 8 Februari

Kiu. Sijui ni joto au ni furaha. Nimemaliza mtungi mdogo wa maji kabla ya saa sita. Na choo, wacha tu. Msimamizi ameanza kuniangalia kila nikitoka kwenye meza.

Mwili umelegea mchana. Nimesema hii ni sukari imeshuka, kwa sababu ya ovataimu. Nikanunua soda nikanywa yote. Ilinipa nguvu kidogo halafu ikazichukua zote tena.

Vijikaratasi vya mashine ya kupimia sukari vimeisha tangu Januari. Nitanunua msimu ukiisha.

Nekesa amepiga simu. Atakuja ubatizo. Ameniuliza nimepima lini. Nimemwambia niko sawa, aulize habari ya baba yake. Tulicheka sana.

Jumatatu, 10 Februari

Sketi ya kanisa imenilegea kiunoni. Miaka yote natafuta kupungua, leo nimepungua bila kufunga. Mama Otis akasema, "Utafikiri wewe ndiye unaolewa Jumapili." Nimefurahi.

Macho yana ukungu. Nimeweka waridi la daraja la kwanza kwa ndoo ya daraja la pili. Mara mbili.

Usingizi umekatikakatika kwa sababu ya kukojoa. Kiu haishi. Nimejaribu maji, nimejaribu juisi. Nasema ni Shetani anapigana na hii Jumapili. Najua ananionea wivu. Hatashinda.

Jumatano, 12 Februari

Wamenirudisha nyumbani. Nimetapika kazini. Tumbo linauma. Soda mbili leo. Naona maandishi yakitembea.

Sindano nimedunga. Sijakosa hata moja.

Bwana niwezeshe Jumapili tu. Jumapili ifike. Halafu

Jumanne, 18 Februari

Niko hai.

Niko wodini Naivasha. Nimemwomba Nekesa aniletee hiki kitabu na kalamu. Mwandiko umepinda lakini ni wangu. Niko hai, nimekunywa uji, nimejua jina langu, nimejua ni mwezi gani. Daktari aliponiuliza nikamjibu upesi kama mtoto wa shule mpaka akacheka.

Sasa niandike waliyoniambia, kwa maana mimi sikuwepo.

Alhamisi alfajiri Baba Nekesa aliniita aone nimeamkaje. Sikuitika. Akanitikisa. Nilikuwa napumua kwa nguvu, kifua kikipanda na kushuka kama mtu aliyekimbia, lakini macho hayafunguki. Akajua sukari imeshuka. Akachukua soda iliyobaki aniwekee mdomoni. Mama Otis alikuwa ameshaingia kwa zile kelele, akamshika mkono. "Utamzamisha akiwa kitandani, mzee. Hawezi kumeza huyu." Akanilaza ubavu. Wakatafuta gari.

Dereva alipoinama kunibeba akasikia harufu ya pumzi yangu, tamu, kama ndizi zilizoiva sana. Akamwuliza Baba Nekesa, "Boss, mathe amekunywa?" Mimi. Mimi ambaye hata dawa ya kikohozi nasoma chupa kwanza. Baba Nekesa anasema hapo ndipo alitaka kupigana, akakumbuka yuko karibu kubatizwa, akashika miguu yangu wakanipakia garini.

Hospitali walipima kidole, mashine badala ya nambari ikaandika HI. Baba Nekesa akafikiri inamsalimia. Nesi akamweleza, maana yake sukari imepita mwisho wa kipimo. Haikuwa imeshuka hata kidogo. Ilikuwa imepanda, na mimi nikaendelea kuimwagia soda.

Nilipoteza fahamu kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi. Dripu mikono yote miwili, insulini ikiingia pole pole, kidole kinapimwa kila saa. Daktari alimwambia Nekesa hawaishushi sukari kwa haraka, kwa sababu ubongo hautaki kushtuliwa. Kwamba maji yalikuwa yamenikauka mwilini pamoja na chumvi zake, na kwamba wengine huamka wamechanganyikiwa na familia isiogope. Kweli niliamka nikamwita Nekesa kwa jina la marehemu dada yangu. Alilia. Ninaambiwa hivyo. Sikumbuki.

Jumapili ilipita. Baba Nekesa hakuingia tangini. Alikaa hapa kwa benchi.

Jumatano, 19 Februari

Leo nimetembea mpaka dirishani na kurudi. Miguu kama ya ndama. Nimefurahi mpaka nimechoka.

Halafu jambo lenyewe limejulikana.

Nesi mmoja, mwanamke wa makamo kama mimi, amekaa kitandani kwangu. Hakuelewa. Sindano sijakosa, chakula nachunga, sina kidonda, sina homa. Kitu gani kilipandisha? Akaniuliza dawa naiweka wapi. Nikamwambia kwa fahari kabisa. Kwa friza, nesi. Sio friji, friza. Inatoka imeganda.

Akaweka mkono wake juu ya wangu.

Insulini ikiganda imekufa, akasema. Hata ukiiyeyusha haifufuki. Inataka ubaridi, haitaki barafu. Zile siku zote nilikuwa najidunga maji ya bure. Vile vipande vyeupe ndivyo vilikuwa vinaniambia, nikavitikisa. Nyungu yangu ya mchanga ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Nimekasirika. Nimejikasirikia mimi. Halafu nikashangaa kwamba nina furaha pia, furaha kubwa, kwa sababu sasa najua. Nilikuwa nimeogopa kwamba mwili wangu umeikataa dawa. Haujaikataa. Nimemwambia Nekesa, tuko na sababu, mwanangu, tuko na sababu. Amenitazama kama bado nimechanganyikiwa.

Nesi ametuketisha sote watatu. Kiu isiyoisha, mkojo mwingi, kukonda ghafla, macho ya ukungu, kutapika: pima, usikisie. Kulegea si lazima iwe sukari imeshuka. Vijikaratasi visiishe nyumbani. Aliyepoteza fahamu asiwekewe kitu mdomoni, sio soda, sio maji, sio asali. Mlaze ubavu, kimbia hospitali, sema mapema kwamba ana kisukari. Baba Nekesa amerudia yote kwa sauti, neno kwa neno. Mwanaume huyu huyu hajui siku yake ya kuzaliwa.

Ijumaa, 21 Februari

Mama Otis amekuja. Ameshasikia. Alisimama kwa mlango wa wodi hawezi kuingia. Nikamwita. Akasema atauza friza. Nikamwambia ukiuza friza samaki wako utawaweka kwa nyungu yangu? Akacheka akilia, akakaa. Nimemwambia ukweli: bila mkono wake ile asubuhi, soda ingeingia kwa mapafu na tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Friza ilikosea. Yeye hakukosea. Amenishika mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akakohoa.

Baadaye wakaja akina mama wa kanisa. Wameomba vizuri. Halafu mmoja akasogea na sauti ya chini. Dada, uliona nini huko?

Wote wakainama kwangu. Wanataka mwanga. Wanataka mama yangu amevaa nyeupe. Ningewapa, wangefurahi, na wengine wangesema ushuhuda huu hata Nakuru.

Sikuona kitu. Alhamisi ilikatika na Jumamosi ikaanza. Katikati hakuna hata giza.

Nimewaambia hivyo. Niliona uso wa mmoja ukisinyaa. Nimeona aibu, kama mtu aliyesafiri mbali akarudi mikono mitupu. Nimeomba kuhusu jambo hili jioni yote. Jibu lililokuja ni dogo: mtoto mchanga akilala mgongoni haoni njia, na bado amebebwa. Limenitosha.

Jumapili, 23 Februari

Nyumbani. Kitanda changu. Jogoo wa Mama Otis, hata yeye nilikuwa na hamu naye.

Nekesa amerudi chuoni. Amebandika ukutani saa za sindano na saa za kupima, kwa herufi kubwa kama za duka la dawa. Chupa mpya iko kwa nyungu. Baba Nekesa ndiye analowesha mchanga. Amejifunza kunipima. Ananitoboa kidole akiwa amefunga jicho moja kama anayelenga ndege.

Bado nachoka haraka. Daktari alisema ni wiki kadhaa, nisiwe na haraka. Msimamizi ametuma ujumbe kwamba nipumzike, msimu umeisha.

Jumapili, 2 Machi

Ameingia majini.

Asubuhi nilipimwa mara mbili kwa sababu Baba Nekesa alikosa kidole mara ya kwanza. Sukari ilikuwa nzuri. Nilibeba chakula kwa mkoba, na dawa kwa kitambaa chenye maji, na nikakaa mstari wa mbele kwa kiti cha plastiki walichoniwekea kivulini.

Nailoni ilikuwa imevujisha kidogo usiku, wakaongeza maji kwa ndoo. Mtu mrefu kama yule, maji yalimfika kiunoni tu. Mchungaji akamshika kifua na mgongo. Akamwuliza kama anaamini. Akasema ndiyo. Halafu akaongeza, bila kuulizwa, watu wote wakisikia, "Mimi nilibishana na Mungu kwenye ile benchi ya hospitali. Sikumshinda. Lakini alinisikiliza."

Akazama akatoka akipenga pua. Nililia mpaka kitambaa cha dawa kikaloa zaidi. Akina mama walipiga vigelegele, Mama Otis akiwazidi wote, na yeye hata si wa kanisa letu.

Moyo wangu leo ni ngoma. Sitaandika zaidi. Sindano ya jioni inaniita.

Alhamisi, 6 Machi

Tangu nirudi, Baba Nekesa huniita kila alfajiri kabla hajafungua macho vizuri. "Mama Nekesa." Nisipojibu upesi anaita tena, na mkono wake unatafuta bega langu. Nikiitika, anatoa pumzi ndefu, analala dakika chache zaidi. Hatujawahi kuzungumza kuhusu hilo.

Leo niliamka kabla yake. Nikangoja.

Hakuita. Alilala tu, mdomo wazi, akikoroma taratibu, mkono wake umetulia kifuani kwake.

Nimejipima mwenyewe. Saba nukta mbili, nzuri. Nimedunga, nimewasha jiko, nimefunga mlango wa chumba kwa vidole ili usipige kelele ukamwamsha.