Bunga Yenye Inalia mu Meno

Siku ya kwanza, 7/7

Jambo, Yesu. Umeamuka muzuri? Mimi niko muzima, mugongo tu ndio unauma.

Nimeanika muhogo tena ku muchanga wa muto, juu ya bâche, turubai yangu ya zamani. Kwetu Kibabi tulianika ku mulima, pahali upepo unapiga sana. Hapa Pinga, wenyeji wanaanika mbele ya nyumba. Niliwaona kama wavivu. Mimi chumba nimepanga kiko mu kivuli, njo nikachagua muto. Sikuuliza muntu. Ningeuliza nani? Tangu bwana yangu afe, sauti mu nyumba ni yangu peke.

Siku ya tatu, 9/7

Haya. Haya kubwa.

Wamama wa chapelle waliniomba bunga ya kupika kisha maombi. Mara ya kwanza! Nilivaa kitambaa kipya. Wakapika, wakaanza kula, ikalia mu meno, wakatema. Halafu mumoja: "Mama Kibabi, hii ni bugali ao ciment?" Mwingine: "Huyu anafikiri meno yetu ni ya kukodi!" Wakacheka mpaka machozi. Mimi pia nikacheka. Nililia ku njia.

Mama Zawadi, mukubwa wao, akasema nilete ingine kwa fête, karamu ya chapelle siku ya yenga, tarehe makumi mbili. Lakini safi.

Siku ya ine, 10/7

Nilishitaki moulin, mashini ya kusaga, mu roho yangu. Kumbe hapana. Nimetafuna muhogo mbele ya kuusaga. Muchanga uko ndani tayari.

Siku ya posho, 12/7

Nimekaa ku muto muchana yote, nikiangalia. Asubui muchanga ulikuwa mweusi, umelowa. Upepo ulipiga, hakuna kitu. Saa sita ukakauka, ukawa mweupe. Pale ukaanza kutembea chini-chini kama moshi, mpaka juu ya muhogo wangu. Maji yamerudi nyuma sana tangu mvua ipotee. Muchanga mukavu umekuwa mwingi.

Mulima hauna mambo ya hivi.

Siku ya kwanza, 14/7

Mvua imenyesha kule juu, upande wa Mweso. Muto umepanda, umefunika muchanga karibu yote. Asante, Yesu.

Siku ya pili, 15/7

Maji yameshuka, muchanga umebaki mweusi. Nimeanika. Upepo mukali, hata punje haikuruka. Mbele ya saa sita, muchanga haujakauka bado, nakunja bâche. Nitafanya hivi kila siku. Naogopa kukosa siku.

Siku ya tano, 18/7

Muhogo umekauka. Nimetafuna vipande mingi. Safi. Nimeimba peke yangu ku njia ya moulin.

Siku ya yenga, 20/7

Nilifika ku chapelle mapema na kitunga cha bunga ku kichwa. Sufuria zilikuwa tayari ku moto. Mama Zawadi akanishika mukono, kwa upole: "Mama Kibabi, tumekwisha pata bunga. Usijisumbue." Hakuna mwenye alifungua kitunga. Upole wake umeniumiza kupita kicheko.

Nimerudi. Nimesonga bugali, na sombe ya majani ya muhogo. Inashuka laini, hakuna kitu kinalia mu meno. Nimepika ya watu wawili, mukono umezoea.

Yesu, kama kuna muntu wa kunitumia, umutume. Bugali ingali na moto. Unijibu upesi.