Mmeona? Rahisi!

Jumatatu, 3 Machi

Ikisiri imekamilika! Kongamano la magonjwa ya mapafu linafunga kupokea kazi Ijumaa, na mimi ninayesomea ubingwa kwenye wodi ya kifua nina la kusema. Utafiti wenyewe si mgumu kueleza. Nilimpa kila mhudumu inhela ya pumu, nikamwambia: nifundishe kana kwamba mimi ni mgonjwa. Wengi walikosea. Walimu wenyewe! Na aliyekaa kazini zaidi alikosea kwa kujiamini zaidi.

Kinara ni mkuu wetu, Daktari Bingwa. Sisi wadogo tunamwita Mzee Pafu — akiwa mbali. Alitikisa vizuri, akatoa pumzi vizuri, akabonyeza, akavuta. Hapo mtu hubana pumzi, anahesabu taratibu hadi kumi, dawa itulie ndani. Yeye je? Papo hapo: "Umeona? Rahisi!" Dawa ikatoka pamoja na maneno. Mtu hawezi kunyamaza hata kidogo, hata kwa ajili ya mapafu! Kwenye utafiti yeye ni namba tu, na nina hakika kashasahau kwamba alishiriki.

Jumatano, 5 Machi

Nilimpelekea asome, maana bila saini yake hakitumwi kitu. Alisoma mstari mmoja, ule wa majina. Akauliza kwa upole kwa nini jina lake limetupwa mwisho kama viatu vya wageni. Sasa liko juu. La pili ni la katibu wa hospitali, aliyetuazima chumba. La tatu ni la bwana wa eksirei, ambaye sijui alifanya nini ila ni shemeji yake. Mimi wa nne. Nikichelewa kutuma nitakuta na mlinzi yumo.

Natania, lakini nimeumia. Nimezunguka na inhela mfukoni mwaka mzima, nikinuniwa na kila mtu. Nataka kusimama mimi, niseme mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Imetumwa. Tovuti iligoma, ikakubali, ikagoma tena. Penye "atakayewasilisha" nikachagua jina langu. Kidole kikapita juu ya bega langu, kikabonyeza jina la Mzee Pafu. Akasema mimi bado kijana, majukwaa yananisubiri. Nikajibu: ahsante, Mkuu. AHSANTE! Ulimi huu ningeuuza kwa bei ya hasara.

Sista mkuu wa wodi alinivuta pembeni. Yeye anajua matokeo yote. "Kaisoma?" Bado. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi funika kombe, mdogo wangu." Nami nikacheka. Nyani haoni kundule — huyu anakwenda kulionyesha kwa slaidi!

Jumapili, 9 Machi

Kwa Mama. Pumu yake ndiyo iliyonitia kwenye haya yote, ingawa hajui. Leo nimemtazama tena. Akavuta inhela yake, kisha kwa tabasamu: "Umeona? Rahisi!" Neno kwa neno. Anadhani ni sehemu ya tiba! Ndivyo Mzee Pafu alivyomfundisha kliniki, miaka hiyo, na kifua hakijawahi kupata nafuu ya kueleweka.

Nikamwambia: Mama, vuta, funga mdomo, hesabu. Akanitazama kama nimemtukana marehemu Baba. "Mwanangu, bingwa mzima aseme hivi, wewe uliyekuwa ukikimbia sindano juzi useme vile?" Nikaosha vyombo kwa hasira, sahani moja ikavunjika. Naondoka, kifua chake bado kinapiga filimbi. Naogopa.

Jumanne, 22 Aprili

Imekubaliwa! Ukumbi mkubwa! Kamati imeipenda mno, na inamwomba mwasilishaji aonyeshe jukwaani, mbele ya kamera, namna sahihi ya kutumia inhela. Mzee Pafu anatembea wodini kama bwana harusi. Kasema hiyo ndiyo kazi yake, hahitaji hata kujiandaa. Mimi na Sista hatutazamani usoni.

Ijumaa, 25 Aprili

Mapumziko ya chai, katikati ya mazoezi ya wasilisho. Naandika stoo, nimekalia katoni la glavu.

Wodi nzima imekuja. Mzee Pafu alisoma slaidi zangu kwa sauti ya mhubiri, na naapa ilikuwa mara yake ya kwanza kuziona. "Kosa kubwa la wahudumu ni kutobana pumzi." Akatikisa kichwa kuwasikitikia hao wahudumu. Akachukua inhela. Akatikisa, akabonyeza, akavuta. "Mmeona? Rahisi!" Kiwingu cheupe kikaelea juu ya meza.

Mwanafunzi mmoja akauma kalamu. "Mbona mmenuna? Nimekosea?" Macho yote yakanigeukia mimi. Akasema basi, tunywe chai, tukirudi daktari mdogo atatoa tathmini yake bila woga.

Sista kanifuata hadi hapa stoo. Anasema ninyamaze, Mkuu aende akaumbuke huko huko kongamanoni. Lo, ninavyotaka! Ukumbi mzima ukicheka, mimi kiti cha nyuma, mikono kifuani. Nimeiota hiyo siku tangu Machi.

Halafu ujumbe wa Mama. Jana kifua kilimbana tena, leo ahueni. Nisihangaike: Jumatatu ana kliniki kwa Mkuu wangu, atamwomba amfundishe upya.

Amfundishe upya!

Yeye akisahihishwa, Mama atamsikia. Mimi Mama hanisikii. Nikisema leo, namsafishia njia, atang'aa jukwaani kwa kazi yangu. Nikinyamaza hadi kongamano, ni Jumatatu ngapi hizo? Na si Mama peke yake kwenye lile benchi la kliniki.

Vikombe vinarudishwa kwenye sinia. Nyuma ya ukuta Mzee Pafu anajaribu peke yake. Kimya kidogo... "Rahisi!" Sasa ananiita: "Daktari mdogo! Uko wapi? Tunakusubiri!"

Sista kasimama mlangoni, kidole midomoni. Nimetoa inhela mfukoni, nimevuta pumzi, nimeibana, naingia.