Muyenzi wa Mupaka

Jumatatu, 9/10/2023
Marie-Rose amerudisha shuka. Yeye njo anashonaka broderi, minye namuchoreaka maua na kalamu ya bik juu ya kitambaa. Anasema maua yangu imekufa. Papa Toussaint, mustari yako yote iko sawasawa, unachora maua ao grillage ya waya? Akacheka. Minye sikucheka. Iko na haki.

Jumanne, 10/10
Nimeanza upya. Makala ya jiko, na karatasi ya mufuko wa simenti. Jani la muhogo. Nikikandamiza, mustari unanenepa. Nikiinua mukono, unabakia kama unywele. Makala ikilala, inatoa kivuli. Kumbe!

Nilienda nyuma ya nyumba kutafuta majani ingine. Boga. Na ule muyenzi, muti wa vijiti bila majani, nilitupaka pale mwezi wa tatu, kwenye takataka. Nilijua umekauka. Umeota. Mizizi iko inaangalia juu.

Jumatano, 11/10
Niandike tu, hakuna mutu atasoma. Ule muyenzi ulikuwa mupaka wa mashamba ya Lubarika, yangu na ya mudogo wangu Sévère. Baba alizika chupa ya alama, akaupanda pale juu. Siye wawili tulikuwa tunaangalia. Sévère alipokufa, niliung'oa. Nikapanda kijiti kipya mbali, ndani ya upande wa muke wake, Louise. Chupa nilitupa mu muto Ruzizi. Muti niliuleta huku kwangu Nyamianda, watu wa kule wasiuone.

Jumamosi chefu wa kule atakata maneno ya mupaka. Minye njo mukubwa wa familia. Kwenye nitaonesha, njo mupaka utakuwa. Louise iko na ile shamba tu.

Alhamisi, 12/10
Nilichora bila kuangalia karatasi. Macho ku jani la boga, mukono unatembea pole pole. Kuangalia: muyenzi. Vijiti, vijiti.

Nikageuza karatasi. Nikachukua jani la ndizi, pana, laini.

Muyenzi tena.

Marie-Rose alipita, akaona. Sasa huu unaishi, weye! Ulikuwa unauficha wapi?

Akaibandika ku ukuta wa baraza. Mukono wangu hautetemeki hata kidogo. Hiyo njo inaniogopesha.

Ijumaa, 13/10
Louise amefika toka Lubarika, asubuhi. Aliniletea mihogo. Akasema, shemeji, kesho sikuombi kitu kingine, uoneshe tu fasi baba alipanda muyenzi.

Halafu akaona karatasi ku ukuta.

Akafuata mustari na kidole, pole pole, kidole kikawa cheusi. "Muyenzi wetu." Nikasema ndiyo. Kidole kikashuka, kikapita udongo. Chini kulikuwa mizizi. Minye sikumbuki kuichora. Mustari munene, wa kukandamiza sana, na chupa, na muzizi moja umezunguka shingo ya chupa mara mbili.

"Chupa, Sévère aliniambiaka," akasema. "Weye na yeye mulikuwa pale na baba."

"Ndiyo."

"Lakini siku ile muti ulikuwa kijiti, haukuwa na muzizi." Akaniangalia. "Huu wa kuzunguka, shemeji, uliuona siku gani?"

Nilimuambia naenda kumuletea maji. Niko ndani, naandika. Kikombe kimejaa, kiko hapa. Yeye iko pale ku kiti, anangoja.

Nasikia makala inatembea ku karatasi. Inakandamiza, inainuka, inakandamiza.

Louise hajui kuchora. Na makala yote iko mu mufuko wa suruali yangu, nimeigusa sasa hivi.

Anaita. Shemeji, kuja uone, mustari unaendelea wenyewe —